PET ya miwa, PLA ya mahindi, PEF au PHA: chupa ipi ya mimea inafaa kinywaji chako?

Chupa mbili zinaweza kubeba maneno yaleyale, "imetengenezwa kwa mimea", na zisiwe na undugu wowote. Moja ni PET, plastiki ileile ya chupa za kawaida za maji na soda, ambayo sehemu yake imetokana na miwa. Ukiitupa kwenye lundo la chupa za kawaida, mtambo wa kurejeleza plastiki hautaitambua wala hauna haja ya kuitambua, maana kemia yake ni ileile. Nyingine ni PLA ya mahindi. Hiyo ikiingia kwenye lundo hilohilo ni uchafu, na ikizidi inamharibia mrejelezaji mzigo mzima. Ile ya kwanza haiozi. Hii ya pili huoza, ila kwenye mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60, na ikianguka mtaroni au baharini itakaa humo muda mrefu kama plastiki nyingine.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu anayelazimika kuamua: mwenye kiwanda cha maji, juisi, maziwa au sabuni ambaye muuzaji wa chupa amemjia na vipeperushi vya kijani, na pia mnunuzi anayesimama mbele ya rafu akitaka kujua pesa yake ya ziada inanunua nini hasa. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mahali chupa inapokwenda kinywaji kikiisha pana uzito kuliko shamba ilikotoka, na plastiki ya mimea isiyo na njia ya kukusanywa ni taka tu, hata ikiwa imeanza maisha yake kama muwa.

Imetoka wapi, na itaishia wapi

Haya ni maswali mawili, na biashara ya plastiki ya mimea imenufaika sana watu walipoyachanganya.

Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli. Mmea hutoa kaboni ya kujengea mnyororo huo, kama vile mafuta ghafi na gesi asilia zinavyotoa. Mnyororo ukishajengwa, asili yake haibadilishi tabia yake. Kinachoamua kama plastiki itaoza ni umbo la mnyororo: je, una viungo ambavyo maji na vijidudu vinaweza kuvikata? Ndiyo maana zipo plastiki za mafuta zinazooza, kama PBAT inayotumika kwenye mifuko mingi ya kuwekea taka za mboji, na zipo za mimea zisizooza kabisa, kama polithini ya miwa. Neno "bioplastiki" limezifunga zote kwenye fungu moja, na kwa maoni yangu limepotosha watu wengi kuliko lilivyowasaidia.

Watunga sheria wameliona hilo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2019 kuhusu plastiki za kutumia mara moja inaihesabu plastiki ya mimea kuwa plastiki kama nyingine, bila msamaha. Ufaransa, kwa sheria yake ya 2020 dhidi ya ubadhirifu, ilipiga marufuku kuandika kwenye bidhaa au kifungashio kwamba "inaoza kibiolojia". Kwa hiyo anayechagua chupa ya mimea akitegemea kwamba lebo itamuuzia anapaswa kujua kuwa nafasi ya maneno matamu inazidi kubanwa.

PET ya mimea dhidi ya PET ya kawaida

Hapa ndipo hadithi ya chupa za mimea ilipoanzia kwa kishindo. Mwaka 2009 Coca-Cola ilizindua PlantBottle, chupa ya PET yenye hadi asilimia 30 ya malighafi ya mimea. Kwa nini 30 na si 100? Kwa sababu PET huundwa kwa vitu viwili. Cha kwanza ni glikoli, ambayo ni kama asilimia 30 ya uzito. Cha pili ni asidi ya tereftaliki, inayobeba asilimia 70 iliyobaki. Glikoli ni rahisi kuipata shambani: miwa inatoa sukari, sukari inachachushwa kuwa ethanoli, ethanoli inaondolewa maji na kuwa ethilini, ethilini inageuzwa glikoli. Hatua zote hizi viwanda vimezijua kwa miaka mingi. Asidi ya tereftaliki ina pete ya kaboni sita ndani yake, na kuijenga pete hiyo kutokana na sukari ni kazi ngumu na ghali, wakati mafuta ghafi huitoa karibu bila kuombwa.

Kuna hesabu moja ambayo vipeperushi huiruka. Asilimia 30 ni ya uzito. Ukihesabu kaboni, kila kipande cha mnyororo wa PET kina atomu 10 za kaboni, na 2 tu ndizo zinazotoka kwenye glikoli. Hiyo ni asilimia 20. Maabara ikipima kwa kaboni-14, kipimo kinachotenganisha kaboni ya mmea wa juzi na kaboni ya mafuta ya mamilioni ya miaka, itakupa jibu la 20. Muuzaji akikuambia 30 na maabara ikasema 20, huenda hajadanganya, lakini ni vizuri ujue mnazungumza kwa vipimo gani kabla hujachapa namba kwenye lebo.

Juhudi za kufika asilimia 100 zimekuwa nyingi, na matokeo sokoni yamekuwa machache. Machi 2011 PepsiCo ilitangaza chupa ya PET ya mimea mitupu, kutokana na nyasi pori, magome ya misonobari na maganda ya mahindi. Coca-Cola ilionyesha ya kwake kwenye maonyesho ya dunia ya Milan mwaka 2015. Mwaka 2021 kampuni hiyohiyo ilitoa nyingine, safari hii ikitumia teknolojia ya kampuni ya Virent ya kugeuza sukari ya mahindi kuwa paraksilini, malighafi ya ile asidi ngumu. Zilitengenezwa chupa kama 900 tu, na hata hizo hesabu ya asilimia 100 haikujumuisha kizibo na lebo. Miaka kumi imepita kati ya tangazo la kwanza na chupa 900. Sisemi hivyo kwa dharau. Kemia imethibitishwa kwamba inawezekana, na waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima yao. Lakini mnunuzi wa chupa leo anapaswa kupanga kwa kile kinachopatikana kwa maelfu ya tani, na hicho bado ni PET ya asilimia 30.

Faida yake kubwa kwa sekta ya vifungashio ni kwamba haisumbui mtu. Punje zake zinaingia kwenye mashine zilezile. Prifomu, yaani kile kijichupa kinene kama mrija wa maabara kinachopashwa moto na kupulizwa ndani ya kalibu, hutoka kwa vipimo vilevile. Soda inakaa na gesi yake, muda wa kukaa rafuni haubadiliki, na chupa tupu inarudi kwenye mkondo wa PET bila ugomvi. Heinz ilipokodi teknolojia ya PlantBottle mwaka 2011 kwa ajili ya chupa za ketchapu, haikulazimika kujenga upya laini zake za kujazia. Kwa mwenye kiwanda, amani hiyo ina thamani ya fedha.

Hasara yake ni bei na faida ndogo ya kaboni. Bei ya glikoli ya mimea inafuata bei ya ethanoli, na ile ya mafuta inafuata mafuta. Kila mafuta yanaposhuka, pengo linapanuka na wanunuzi wanakimbia. Na ukikokotoa hewa ukaa iliyofyonzwa na mmea na kufungiwa ndani ya kilo moja ya PET ya aina hii, unapata kama kilo 0.46, kabla hujatoa iliyotumika shambani na kiwandani. Shikilia namba hiyo kidogo.

PE ya miwa, ambayo haizungumzwi vya kutosha

Chupa za maziwa, shampuu, sabuni ya maji na vizibo vya karibu kila chupa hutengenezwa kwa polithini (PE) au jamaa zake. Polithini ni ethilini tupu, haina ile pete ngumu, kwa hiyo miwa inaweza kuijenga yote. Braskem ilifungua mtambo wake Triunfo, kusini mwa Brazili, mwaka 2010 ukiwa na uwezo wa tani 200,000 kwa mwaka, na mwaka 2023 ukapanuliwa hadi tani 260,000. Hicho ni kiwanda kamili kinachouza kila siku.

Kilo moja ya polithini ya miwa imefungia ndani yake kama kilo 3.14 za hewa ukaa iliyofyonzwa angani na mmea. Weka namba hiyo kando ya 0.46 ya PET. Hata ukitoa mbolea, matrekta na meli, tofauti inabaki kubwa. Inarejelezwa pamoja na polithini ya kawaida, haihitaji mashine mpya, na bado watu wanapozungumza kuhusu chupa za mimea hukimbilia zile zinazong'aa za maji na soda. Tetra Pak iliielewa nafasi hii: mwaka 2014 ilileta paketi ya maziwa ambayo karatasi, utando wa plastiki na kizibo vyote vilitokana na mimea.

Upungufu wake unajulikana. Polithini haiangazi kama kioo, na haizuii oksijeni wala gesi ya soda. Maziwa ya kuuzwa haraka, sawa. Soda, hapana.

PLA dhidi ya PET: hapa ndipo wengi huumia

PLA ndiyo watu huiwaza wakisikia "plastiki ya mahindi". Wanga wa mahindi, au sukari ya miwa, huvunjwa na kuchachushwa kuwa asidi ya laktiki, ileile inayoyatia maziwa ya mgando uchachu, kisha asidi hiyo huunganishwa kuwa mnyororo. NatureWorks inaitengeneza Blair, Nebraska, kwa uwezo wa tani 150,000 kwa mwaka, na mwaka 2018 ulianza mtambo mwingine mkubwa, wa kampuni nyingine, huko Rayong, Thailand, wa tani 75,000. Ni mimea asilimia 100, inang'aa, ni ngumu mkononi, na ukiiweka kando ya PET mtu asiye na uzoefu hataona tofauti. Mezani inashinda.

Sasa ipeleke safarini. PLA huanza kulainika kwenye nyuzi 55 hadi 60. PET huvumilia hadi kama 75. Tofauti ya nyuzi 15 hadi 20 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini lori lililofungwa likisimama juani au ghala lenye bati bila dari linaweza kuila nafasi yote. Chupa hulegea, shingo hupinda, kizibo huvuja. Kujaza juisi ya moto, ambayo hutiwa kwenye nyuzi zaidi ya 80, usifikirie kabisa.

Halafu gesi. PLA hupitisha oksijeni mara kadhaa zaidi ya PET, hupitisha mvuke wa maji, na huachia gesi ya soda itoroke. Chupa ya maji ikikaa miezi mingi itapungua ujazo na kuonekana imenywea. Juisi itabadilika rangi na ladha mapema. Kwa hiyo vinywaji vinavyobaki ni maji yanayouzwa haraka, na maziwa au juisi za baridi zenye maisha ya siku chache. Chupa za maji za PLA ziliingia sokoni Marekani katikati ya miaka ya 2000 na hazikudumu. Leo sehemu kubwa ya PLA huenda kwenye vikombe, vyombo vya chakula, nyuzi, mifuko ya majani ya chai na printa za vitu vya 3D. Soko lenyewe limeshatoa jibu.

Lakini kinachonifanya niwe mkali kuhusu PLA kwenye chupa ni kinachotokea baadaye. Mrejelezaji wa PET hutenganisha vizibo kwa kuzitumbukiza chembe zilizosagwa kwenye maji: vizibo vya PE na jamaa yake PP huelea, PET huzama. PLA nayo huzama. Uzito wake ni gramu 1.24 kwa sentimita ya ujazo, PET 1.38, zote zikiwa nzito kuliko maji. Mashine ya mwanga wa infraredi huweza kuitambua, ila kila kiwanda kisicho na mashine hiyo kinabaki kipofu. Chembe zikipita, zinaingia kwenye kikaushio chenye joto la nyuzi 160 hivi. PET hapo haijali, maana huyeyuka karibu na 250. PLA, ambayo huyeyuka kati ya 150 na 180, inalainika, inanata, inafanya mabonge. Inayoponyoka huko inafanya PET mpya iwe na ukungu na njano. Yule mtu aliyekusanya chupa, akazipanga na kuziuza kwa kilo ndiye anayepunjwa bei mzigo ukikataliwa. Kwangu hilo ni jambo zito. Chupa inayojiita rafiki wa mazingira haipaswi kumkata riziki mtu pekee anayesafisha mazingira hayo.

Vipi kuhusu kuoza? Kipimo cha Ulaya cha EN 13432 kinataka kifungashio kivunjike vipande vidogo ndani ya wiki 12, na asilimia 90 ya kaboni yake igeuke hewa ukaa ndani ya miezi 6, katika hali ya mtambo wa mboji. Mboji ya nyuma ya nyumba kwa kawaida haifiki joto hilo kwa muda wa kutosha. Na hata wenye mitambo hawaipokei wote kwa furaha: wengi huendesha mizunguko mifupi, hawawezi kutofautisha chupa ya PLA na ya PET kwa macho, na PLA ikioza haiongezi rutuba yoyote kwenye mboji. Inageuka maji na hewa ukaa, basi.

Kuna mahali PLA ina haki yake kamili. Uwanja wa michezo, tamasha, kantini ya kiwanda, popote ambapo mlango ni mmoja, vyombo vyote ni vya aina moja na taka zote zinakwenda kwa mkandarasi mmoja mwenye mtambo. Pia inaweza kurudishwa kuwa asidi ya laktiki na kutengenezwa upya, mradi ikusanywe peke yake. Sharti ni mzunguko uliofungwa. Kuiuza dukani kwa watu wasiojua wataipeleka wapi ni kuwatwisha tatizo.

PEF, inayonipa matumaini zaidi

PEF ni kama ndugu wa PET, ila badala ya asidi ya tereftaliki inatumia asidi nyingine, FDCA, inayotokana na sukari ya matunda. Hapa mmea hauigi mafuta. Unatoa molekuli yake yenyewe, na inafanya kazi vizuri kuliko ile ya mafuta. Pete yake haizunguki kwa urahisi ndani ya mnyororo, kwa hiyo gesi hupenya kwa shida. Oksijeni huzuiwa takriban mara 10 kuliko kwenye PET, na gesi ya soda nayo hukaa muda mrefu zaidi. Huvumilia joto zaidi kidogo pia, karibu nyuzi 86 kabla ya kulainika.

Kwa kiwanda hilo lina maana halisi. Chupa ndogo za soda hupoteza gesi haraka kuliko kubwa, kwa sababu eneo la ukuta ni kubwa ukilinganisha na kinywaji kilichomo. Bia na juisi huchukia oksijeni, ndiyo maana chupa zake za plastiki hujengwa kwa tabaka kadhaa, zikiwemo za nailoni, na tabaka hizo huwasumbua warejelezaji. PEF inaweza kufanya kazi hiyo kwa tabaka moja, au kwa utando mwembamba tu. Mwaka 2022 Carlsberg ilijaribu chupa 8,000 za bia zilizotengenezwa kwa nyuzi za mti, zikiwa na utando wa PEF ndani, katika masoko manane ya Ulaya Magharibi.

Tatizo ni kiasi na wakati. Avantium ya Uholanzi ilianza ushirikiano na Coca-Cola mwaka 2011, kisha Danone. Ubia wake na BASF ulianza 2016 na kuvunjika kabla mtambo mkubwa haujajengwa. Mtambo wa kwanza wa kibiashara wa FDCA, huko Delfzijl, ulifunguliwa rasmi Oktoba 2024 ukiwa na uwezo wa tani 5,000 kwa mwaka. Ukilinganisha na PET inayohesabiwa kwa makumi ya mamilioni ya tani, hicho ni kijiko kwenye pipa. Upande wa urejelezaji, jopo la Ulaya la chupa za PET lilitoa idhini ya muda mwaka 2017: PEF inaweza kuingia kwenye mkondo wa PET mradi isizidi asilimia 2 ya soko. Ikikua kupita hapo, itahitaji mkondo wake.

PHA, na subira inayohitajika

PHA hutengenezwa na bakteria wenyewe, kama sisi tunavyohifadhi mafuta mwilini. Mfaransa Maurice Lemoigne aliitambua mwaka 1926 akiwa Taasisi ya Pasteur. Kati ya zote nilizotaja, ndiyo pekee inayoweza kuoza udongoni na hata kwenye maji ya bahari bila kungoja mtambo. Kwa hiyo ndiyo inayojibu hofu ya watu wanapoona chupa ufukweni.

Lakini bei yake ni mara kadhaa ya PET, ni rahisi kukatika, na huganda polepole kwenye kalibu, jambo linalomaliza faida ya mashine ya kasi. Mtambo wa tani 50,000 wa Metabolix na ADM huko Clinton, Iowa, ulifunguliwa 2010 na ubia wake ukavunjwa mapema 2012. Danimer Scientific, iliyoingia ushirikiano na Nestlé mwaka 2019 kutafuta chupa ya maji inayooza, iliomba ulinzi wa mufilisi Machi 2025. Anayetaka kufunga mkataba wa miaka mitano wa chupa za PHA aanze kwa kuuliza muuzaji atakuwepo.

Kuhusu shamba

Wapo wanaokataa chupa za mimea moja kwa moja wakisema zinakula chakula cha watu. Kwa kiwango cha leo hoja hiyo imezidishwa: plastiki zote duniani ni kama tani milioni 400 kwa mwaka, na za mimea hazifiki asilimia 1. Hoja itapata nguvu iwapo chupa zote zitahamia shambani.

Kinachonisumbua zaidi sasa ni namna ya kulima. Mbolea ya nitrojeni ikizidi hutiririka mitoni, na sehemu yake hugeuka gesi ya nitrasi oksidi inayopasha dunia joto takriban mara 270 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walilinganisha plastiki 12 mwaka 2010 na kukuta zile za mimea zinashinda kwa kanuni za usanifu wa kijani, lakini kilimo na uchakataji wa kemikali vinazibebesha uchafuzi mwingine mkubwa. Muwa una nafuu moja: makapi yake huchomwa kuendesha kiwanda cha sukari chenyewe, hivyo mafuta mengi hayahitajiki. Ila shamba linalochomwa moto kabla ya kuvuna, au lililopanuliwa kwa kukata msitu, linafuta nafuu hiyo. Muuzaji mzuri atakuambia muwa umetoka shamba la aina gani. Asiyeweza kukuambia anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Na uwe macho na "mizani ya makaratasi". Katika mfumo huu, malighafi ya mimea humwagwa pamoja na ya mafuta kwenye mtambo mmoja, kisha kampuni hugawa sifa ya umimea kwa bidhaa inazotaka kwa njia ya vyeti. Ni halali, inakaguliwa, na husaidia mitambo mikubwa kubadilika taratibu. Lakini chupa mkononi mwako inaweza isiwe na mmea wowote ndani yake. Kaboni-14 itaonyesha sifuri. Ukilipia mmea, uliza unalipia ulio ndani ya chupa au ulio kwenye cheti.

Mshindani asiyetajwa kwenye vipeperushi

Kabla ya kununua chochote hapo juu, weka PET iliyorejelezwa kwenye meza moja nayo. Haihitaji shamba wala mafuta mapya, na inamlipa aliyekusanya. Sheria za Ulaya ziliagiza chupa za PET za vinywaji ziwe na asilimia 25 ya plastiki iliyorejelezwa kuanzia 2025, na chupa zote za plastiki za vinywaji asilimia 30 ifikapo 2030. Plastiki mpya ya mimea haihesabiwi kutimiza kiwango hicho. Kanuni mpya ya vifungashio ya 2025 imeitaka Tume ya Ulaya ipitie suala la plastiki za mimea kufikia Februari 2028, kwa hiyo mlango haujafungwa, ila kwa sasa fedha za wenye viwanda zinakimbilia kwenye urejelezaji. Hiyo ndiyo sababu mojawapo kubwa ya ukimya uliofuata shangwe za 2009 hadi 2015.

PET iliyorejelezwa ina kikomo: kila mzunguko huipunguzia ubora na rangi, na daima kuna chupa zisizorudi. Plastiki mpya kidogo itahitajika kila mwaka. Nafasi hiyo ndiyo naona inaifaa PET ya mimea, ijazie kile ambacho urejelezaji haukiwezi.

Ukinibana nichague

Maji na soda: PET iliyorejelezwa kwanza, kisha uongeze PET ya mimea kama bajeti inaruhusu, katika chupa nyepesi kadiri mashine inavyovumilia. Maziwa freshi, shampuu, sabuni ya maji: PE ya miwa, bila kusitasita, maana kila shilingi unayoongeza inabeba kaboni nyingi zaidi. Juisi ya kujazwa moto: PET iliyoimarishwa kwa joto, na PLA isikaribie. Bia na chupa ndogo za soda: fuatilia PEF, omba sampuli, jaribu, lakini usiahidi wateja tarehe. Huduma ya ndani ya uwanja au kantini yenye mkataba wa mboji: PLA, ila uende mwenyewe ukaone mtambo ukiipokea. PHA: kwa chupa, bado.

Na muuzaji akija, mwombe vitu vinne kwa maandishi: asilimia ya mimea kwa uzito na kwa kaboni, jina la plastiki bila jina la biashara, barua ya mrejelezaji au mwenye mtambo wa mboji wa eneo unalouzia akikubali kuipokea, na maelezo ya kizibo, lebo na gundi. Hicho cha mwisho husahaulika. Kizibo kinaweza kuwa sehemu isiyopuuzika ya uzito wa chupa ndogo, lebo ya plastiki iliyozungushiwa chupa nzima huifanya mashine ya infraredi isome lebo badala ya chupa, na gundi isiyoyeyuka kwenye maji ya kuoshea hubaki kwenye chembe na kuzitia njano, iwe chupa yenyewe imetoka kwenye muwa au kwenye kisima cha mafuta.